Tone Dogo Huua Injini



Mashine ya kusaga ni mali kubwa ya kijiji. Ikisimama, akina mama hurudia kinu na mchi, au hubeba mahindi kichwani mpaka kijiji cha jirani. Yako mambo mengi yanayosimamisha mashine. Moja ni maji kuvuja pale mpira unapoungana na bomba la chuma la injini. Jambo hili huonekana dogo, lakini huleta hasara kubwa.

Maji hufanya kazi gani?

Injini ya dizeli huchoma mafuta ndani yake. Joto lake ni kali sana. Maji hupita kando ya chumba cha moto na kuliondoa joto hilo.

Injini nyingine za kusaga hupozwa kwa maji ya pipa. Pipa hilo lina mabomba mawili. Bomba la juu huleta maji ya moto kutoka kwenye injini. Bomba la chini hurudisha maji yaliyopoa. Pipa la namna hii halihitaji pampu. Maji ya moto ni mepesi, kwa hiyo hupanda. Maji baridi ni mazito, kwa hiyo hushuka. Hivyo maji huzunguka yenyewe.

Sasa angalia jambo hili. Maji yakishuka chini ya mdomo wa bomba la juu, mzunguko hukatika. Mtu akichungulia pipa husema, "Maji yapo." Kumbe injini inaungua. Silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, hupinda au hupasuka. Pistoni nayo huweza kukwama.

Tupige hesabu

Kiungo kikidondosha tone moja kila sekunde, kwa saa 8 tutapoteza karibu lita moja na nusu. Kwa siku 6 za kazi tutapoteza karibu lita 9. Katika pipa la lita 200, maji yatashuka zaidi ya sentimita 3, yaani upana wa vidole viwili. Vidole viwili vyatosha kuacha mdomo wa bomba wazi.

Tena, Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapa maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100 kama pwani. Maji yakichemka, hupungua upesi zaidi.

Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walipita hapa Tabora, wakienda na kurudi kati ya Bagamoyo na Ujiji. Upande wa mashariki walivuka Mgunda Mkali, pori lenye shida ya maji. Katika pori lile, kibuyu kinachovuja kilikuwa hatari kwa maisha ya mtu. Injini nayo ni hivyo hivyo.

Kwa nini kiungo huvuja?

Mara nyingi mpira haujatoboka. Kutu imeota kwenye shingo ya bomba, chini ya mpira. Kutu hiyo huunyanyua mpira, na maji hupenya. Ukikaza klipu tu, utaukata mpira na maji yataendelea kutoka. Dawa yake ni kusafisha.

Namna ya kutengeneza

1. Zima injini. Ngoja ipoe mpaka uweze kuishika kwa mkono.
2. Futa kiungo kwa kitambaa kikavu. Tazama unyevu unaanzia wapi. Maji hutiririka, kwa hiyo mahali yanapodondokea siyo lazima ndipo yanapotokea.
3. Toa maji pipani mpaka yawe chini ya kiungo hicho. Yahifadhi katika ndoo safi.
4. Legeza klipu. Zungusha mpira kwa mkono, kisha uuvute. Usiuchokonoe kwa bisibisi, maana utakwaruza shingo ya bomba.
5. Sugua shingo kwa msasa. Sugua kwa kuizunguka. Mikwaruzo ya kwenda urefu huwa mifereji ya maji.
6. Kagua mpira. Kama ncha yake imepasuka na mpira ni mrefu wa kutosha, kata ncha hiyo. Kama umepasuka kati, tafuta mpya.
7. Ingiza mpira mpaka upite uvimbe wa shingo. Weka klipu nyuma ya uvimbe huo. Kaza mpaka mpira ushike, usiukate.
8. Kama maji yanatoka kwenye meno ya hesi, fungua kiungo na usafishe meno kwa brashi ya waya. Zungushia uzi wa katani wenye grisi, au utepe mweupe wa mafundi bomba. Zungusha kwa upande ule ule wa kukazia.
9. Jaza maji mpaka yafunike mdomo wa bomba la juu. Washa injini kwa dakika 15 na utazame. Ikipoa, kaza tena kidogo.

Kama kutu imetoboa bomba, usizibe kwa sabuni. Maji ya moto huiyeyusha. Mpelekee fundi wa kuchomelea, au badilisha bomba.

Hatari

Usimwage maji baridi kwenye injini iliyopata moto sana. Chuma huweza kupasuka. Kwa gari au trekta, usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Maji huruka na kumuunguza mtu uso.

Ukiwa Cheyo, mjini Tabora, kumpata fundi si kazi kubwa. Lakini mashine ikifa kijijini, upande wa Urambo au Sikonge, safari ya kufuata spea ni ya siku nzima au zaidi. Klipu ni ya bei ndogo. Silinda hedi ni ya bei kubwa. Chungulia pipa na ukague viungo kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini injini huweza kuungua hali pipa lina maji?
2. Kwa nini kukaza klipu peke yake hakutoshi?
3. Je, katika kijiji chenu nani hukagua maji ya mashine kila asubuhi?