Shangwe za Kamalondo

Tarehe 14 Desemba 2010, mjini Abu Dhabi, dakika ya 53 ya nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, Mulota Kabangu aliifungia TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, bao la kwanza dhidi ya Internacional ya Brazil. Dioko Kaluyituka akaongeza la pili dakika ya 85. Kwa mara ya kwanza timu isiyotoka Ulaya wala Amerika Kusini ikawa imeingia fainali ya mashindano hayo. Lakini ukiwauliza watu leo wanachokikumbuka, wengi hawatakutajia wafungaji. Watakutajia kipa.

Robert Kidiaba Muteba, nywele kazisuka na kuzifunga kisogoni, aliketi chini ndani ya eneo lake la hatari, miguu kainyoosha mbele, mgongo wima, kisha akaanza kurukaruka kwa makalio. Hakuwa anajiburuta. Kila mruko ulimwinua kutoka kwenye nyasi na kumsogeza mbele, nguvu yote ikitoka kiunoni na tumboni, uso umejaa furaha ya mtu asiye na habari na kamera. Ni zoezi gumu. Kijana yeyote aliyewahi kuliiga uwanjani mtaani kwao anajua jinsi tumbo linavyouma baada ya miruko michache tu.

Kipa ndiye mchezaji aliye mbali zaidi na bao la timu yake. Wenzake wanapomrukia mfungaji, yeye hubaki peke yake golini. Kidiaba aliugeuza upweke huo kuwa jukwaa, na kwa kufanya hivyo alionyesha tabia ya mji wake mzima: Lubumbashi, shangwe kubwa hutoka kwa wale ambao hawakufunga. Hutoka kwa kipa, kwa wachezaji wa akiba kando ya mstari, kwa wapiga tarumbeta jukwaani, kwa mama aliyefunga kitenge cheusi na cheupe akingoja matokeo nyumbani kwake katika komuni ya Katuba.

Asili ya Mazembe ni shule. Mwaka 1939 watawa wa Kibenedikti waliokuwa wakiendesha Taasisi ya Mtakatifu Bonifasi, mji ukiitwa bado Élisabethville, waliunda timu ili wanafunzi wasioelekea upadri wapate la kufanya. Waliiita Saint-Georges. Baadaye ikaitwa Saint-Paul, kisha Englebert, jina la kampuni ya matairi ya Ubelgiji iliyoidhamini. Mwaka 1966 ilitwaa ubingwa bila kufungwa, ikajiongezea sifa ya Tout Puissant, Mwenye Nguvu Zote, na sifa hiyo haijaiachia hadi leo. Mwaka 1967 na 1968 ilichukua Kombe la Klabu Bingwa Afrika, klabu ya kwanza kulitetea kombe hilo.

Mwaka huohuo wa 1939 ilizaliwa pia Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli. Wapenzi wake huitwa Cheminots, wafanyakazi wa reli, na rangi zao ni njano na buluu. Mazembe ni weusi na weupe, rangi za kunguru, ndiyo maana huitwa Corbeaux, ingawa kwenye nembo yao kuna mamba aliyeuma mpira. Siku timu hizi mbili zinapokutana, nyumba moja inaweza kula chakula cha mchana kimyakimya kwa kuwa baba ni wa reli na watoto ni makunguru.

Mazembe wanachezea uwanja wao wenyewe ulioko Kamalondo, uliofunguliwa mwaka 2011 chini ya rais wa klabu, Moïse Katumbi, wenye nafasi ya watu wapatao 18,500 na nyasi bandia. Si uwanja mkubwa. Ule wa Kibassa Maliba, katika komuni ya Kenya, unachukua watu wengi zaidi. Lakini udogo wa Kamalondo ndio silaha yake, maana jukwaa limekaribia mstari kiasi kwamba mgeni anayerusha mpira anasikia kila anachoambiwa.

Hapo ndipo linapokaa kundi la mashabiki linalojulikana kama Les Cent pour Cent, Asilimia Mia. Wana matarumbeta, ngoma kubwa na ndogo, mavazi ya rangi moja, na wengine hujipaka rangi nyeusi na nyeupe usoni na kifuani. Hawangoji bao ndipo waanze. Wanapiga timu ikiongoza, wanapiga timu ikifungwa, na mkono wa kiongozi wao ukipanda jukwaa zima hubadili mwendo. Kwa shabiki wa Dar es Salaam au Nairobi aliyezoea kushangilia kwa mafungu, kila fungu na wimbo wake, nidhamu hiyo inashangaza.

Msomaji wa pwani hapaswi kuiona kama jambo la kigeni. Miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, ilizuka ngoma ya beni: vijana waliovaa sare, wakapeana vyeo vya mfalme, jenerali na daktari, wakapiga kwata kwa mdundo wa bendi, na kushindana mtaa kwa mtaa. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 1975, alifuata nyayo za beni kutoka mwambao hadi bara, ikibebwa na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mpaka ikafika kwenye miji ya migodi ya shaba. Élisabethville ilikuwa na beni yake, na serikali ya Wabelgiji iliiangalia kwa jicho la wasiwasi. Wafanyakazi waliokusanywa kutoka kila upande ili kuchimba shaba ya Union Minière walipata humo kitu ambacho kampuni haikuwapa: cheo, sare, na mpinzani wa heshima. Anayeijua historia hiyo akiketi Kamalondo leo, akiona sare, vyeo na bendi, ataona kwamba mpira umewapa watu wa mji huu uwanja mwingine wa mashindano yaleyale.

Kuna pia suala la njia. Wakati wa ukoloni, komuni ya Lubumbashi, yaani katikati ya mji, ilikuwa mji wa wazungu. Kamalondo ilikuwa mtaa wa Waafrika, na kati yao pakaachwa eneo tupu la kuwatenga. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea upande wa wazungu bila kibali. Leo Mazembe wakishinda jambo kubwa, umati hutoka Kamalondo, Kenya na Katuba ukaingia katikati ya mji kwa miguu, kwa pikipiki na juu ya malori, honi zikilia. Vijana wanaocheza barabarani pengine hawaifikirii historia hiyo, lakini ni barabara zilezile ambazo babu zao walizipita kwa karatasi mkononi.

Watanzania wameionja shangwe hiyo kwa pande zote mbili. Mwaka 2011 Mazembe waliifunga Simba kwenye Ligi ya Mabingwa, kisha wakamchukua Mbwana Samatta, mchezaji waliyemwona katika mechi hizohizo. Tarehe 8 Novemba 2015, Kamalondo, Samatta alifunga kwa penalti katika marudiano ya fainali dhidi ya USM Alger, Mazembe wakashinda 2-0 na kutwaa kombe kwa mara ya tano. Kijana wa Mbagala akaimbwa Lubumbashi kama mzaliwa wa hapo. Miaka michache baadaye, Aprili 2019, ilikuwa zamu ya Simba kurudi na kufungwa 4-1 katika uwanja huohuo.

Mapenzi haya yana upande wake mchungu, na haifai kuuficha. Tarehe 11 Mei 2014, Kinshasa, Mazembe walicheza na AS Vita Club kwenye uwanja wa Tata Raphaël. Vurugu zilizuka, polisi wakarusha mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milangoni na zaidi ya kumi wakafa kwa kukanyagana. Waliokufa walikuwa wametoka nyumbani kwenda kutazama mpira. Jukwaa linalojua kupanga tarumbeta zake linastahili milango mipana na polisi wanaojua kazi yao.

Shangwe ya Kongo haina sura moja. Kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Morocco kuanzia Desemba 2025, shabiki anayeitwa Lumumba Vea alisimama jukwaani mechi nzima bila kutikisika, mkono mmoja juu, kama sanamu ya Patrice Lumumba iliyoko Kinshasa. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Élisabethville. Kidiaba aliruka na Lumumba Vea hakusogea, lakini wote wawili waliifanya dunia itazame mahali ambapo mpira haupo.

Kidiaba ameacha soka na kuingia siasa. Mwaka 2018 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Haut-Katanga. Tangu hapo klabu imepata watu wengine wa kushangiliwa. Mwezi Novemba 2024 timu ya wanawake ya Mazembe iliifunga AS FAR ya Morocco 1-0, kwa penalti, tena nchini humohumo Morocco, ikatwaa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Afrika. Kwa ushindi huo makunguru wana kombe la bara kwa wanaume na kwa wanawake, na wapiga tarumbeta wa Kamalondo wana timu mbili za kuzipigia.