Bumbuli kwa miguu: pesa iende wapi

Una siku tatu za likizo na pesa ya kuhesabu. Usambara Magharibi itakupa msitu wa asili, mbega, hondohondo na vinyonga bila kukodi gari la utalii. Kinachomaliza pesa huku ni nauli za vipande vipande na malipo ambayo hakuna aliyekutajia mapema. Amua kabla ya masika ya Machi, maana barabara za udongo zikilowa magari hupungua na bodaboda hutaja bei anayotaka.

Anza na mahali pa kulala, kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza. Lushoto mjini kuna gesti za kila bei, chakula hadi usiku, na msitu wa Magamba uko jirani. Kama Magamba inakutosha, kaa huko. Lakini kama unataka msitu wa Mazumbai, ulio upande wa Bumbuli, kulala Lushoto ni hasara. Kila siku utateremka Soni, usubiri gari la Bumbuli lijae, kisha uchukue bodaboda, na jioni urudie yote hayo. Tena utafika jua limeshapanda, wakati mbega hukaa vileleni kuota jua asubuhi mapema. Chumba cha kawaida Bumbuli, hata kama uchaguzi ni mdogo, kinakurudishia nauli na asubuhi yako.

Mazumbai ni msitu wa hekta 320 hivi, ulio chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Usiende kubahatisha getini. Omba ruhusa mapema, na uulize maswali matatu kabla ya kufunga begi: kiingilio ni kwa siku au kwa safari nzima? Mwongoza njia yumo humo au analipwa pembeni? Na ukilala kwenye nyumba yao ya wageni, chakula unakuja nacho? Swali la tatu ni la pesa kweli. Mchele, maharage na mboga ukinunua gulioni ni nafuu kuliko kumtuma bodaboda baadaye.

Kwenye misitu ya serikali, Magamba ikiwemo, lipa kwa namba ya malipo na uondoke na risiti. Asiyetaka kukupa risiti usimpe pesa.

Nauli sasa. Ukitoka Dar es Salaam, basi la moja kwa moja hadi Lushoto linakupitisha Soni, na hapo unashuka. Basi la Arusha litakushusha Mombo, upande gari lingine hadi Soni, nalo ni rahisi kupatikana, lakini ulizia nauli ya Mombo kabla ya kulipa, usije ukatozwa ya Arusha nzima. Nauli za mabasi na daladala zina ukomo uliopangwa na LATRA. Ya bodaboda ni maelewano, hivyo patana kabla hujapanda, na useme wazi kama ni kwenda tu au kwenda na kurudi. Pesa ya simu itoe mara moja. Ukitoa kidogo kidogo, kila mara unakatwa.

Mwongoza njia ndiye anayestahili pesa yako kuliko kitu kingine chochote. Anajua njia ya kukatisha mashamba ya chai ya Mponde bila kukanyaga shamba la mtu, na anasikia kima kabla wewe hujainua kichwa. Kwa kawaida bei hutajwa kwa siku, basi gawaneni. Tuseme ni shilingi 40,000: ukiwa peke yako inauma, mkiwa wanne ni 10,000 kila mmoja. Hakikisha bei ni ya kundi na si ya kichwa, na mwelewane nani anamlipia chakula na nauli yake ya kurudi.

Viatu: raba za soli laini huteleza vibaya kwenye utelezi wa huku. Gambuti ni bei nafuu, zinapatikana kila duka la pembejeo na zinadumu, ila mteremko mrefu utaumiza vidole. Ningenunua buti za mtumba zenye soli ya meno. Zikunje kwa nguvu palepale sokoni, kwa sababu kiatu kilichokaa miaka gundi yake hufa na soli hubanduka siku ya kwanza. Kisha mpelekee fundi azishone soli pande zote.

Darubini za barabarani zilizoandikwa 30x60 ziache, maana mara nyingi namba hizo si za kweli. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo kwa milimita, na ndani ya msitu wenye giza unahitaji kioo kipana. Ya 8x42 iliyotumika, mkiinunua watu wawili, itakuonyesha ndege ambaye 10x25 mpya itakuonyesha kama kivuli.

Na burudani iliyo rahisi kuliko zote ni ya usiku: tochi yenye betri mpya. Kinyonga akilala hupauka na hukaa ncha ya tawi, hivyo mwanga unamwonyesha mara moja, hata kwenye vichaka vya kando ya njia. Mchana watoto watakuletea mmoja juu ya kijiti wakitaka hela. Usiwalipe, kwani ukilipa kesho watamng'oa mwingine mtini. Tembea na mwenyeji wako saa mbili usiku, mulika majani taratibu, mtazame alipo, umwache alale.