Je, Wajua? Sauti ya Rafi, Midomo ya Wengine

Je, wajua kwamba steringi wa picha za Kihindi, yule aliyekuwa akizunguka miti huku akimbembeleza mpenzi wake, aghalabu hakuwa akiimba? Alikuwa akichezesha midomo tu. Mwenye sauti alikuwa amekwisha kuimba studioni zamani, akalipwa, akaenda zake. Kwa zaidi ya miaka 30, mwenye sauti huyo mara nyingi alikuwa Mohammed Rafi.

Alizaliwa tarehe 24 Desemba 1924 katika kijiji cha Kotla Sultan Singh, karibu na Amritsar, Punjab. Na wajua nani alimtia hamu ya kuimba? Fakiri mmoja aliyekuwa akipita kijijini akiimba. Mtoto Rafi alimfuata nyuma njia nzima, akiiga alivyopandisha na kushusha sauti.

Familia yake ilikuwa na duka la kinyozi mjini Lahore, na hadithi hii husimuliwa mpaka leo: K. L. Saigal, mwimbaji mkubwa wa zama hizo, alialikwa kutumbuiza mjini humo, umeme ukakatika, naye akakataa kuimba bila kipaza sauti. Watu wakaanza kupiga kelele. Akapandishwa jukwaani kijana wa miaka 13, akaimba kwa koo tupu, ukumbi ukatulia. Kijana huyo ni Rafi.

Mwaka 1944 akahamia Bombay, akaishi katika chumba kidogo mtaa wa Bhendi Bazaar. India ilipogawanywa mwaka 1947, Lahore ikawa upande wa Pakistan. Yeye akabaki Bombay.

Je, wajua kwamba mmoja wa nyimbo za ibada za Kihindu zinazopendwa mno katika sinema ya India ulitengenezwa na Waislamu watatu? Filamu ni Baiju Bawra ya mwaka 1952. Mashairi aliandika Shakeel Badayuni, muziki akatunga Naushad, akaimba Rafi. Ilikuwa miaka mitano tu tangu damu ya mgawanyiko imwagike, na majirani wengi walikuwa bado hawajasameheana. Wimbo huo unamwita mungu wa Kihindu kwa unyenyekevu wa mtu aliyepiga magoti. Kwangu mimi, hakuna jambo katika maisha ya Rafi linalozidi hili.

Alikuwa na desturi moja studioni: kabla ya kurekodi huuliza, ni mwigizaji gani atakayeuchukua wimbo huu? Akiambiwa ni Shammi Kapoor, sauti hurukaruka na kucheka. Akiambiwa Dilip Kumar, hutulia na kubeba huzuni. Akiambiwa mchekeshaji Johnny Walker, huingiza utani mpaka ndani ya pumzi. Na usisahau kwamba enzi hizo ala na mwimbaji walirekodiwa kwa pamoja. Mpiga fidla mmoja akikosea, wote walirudi mwanzo.

Wajua kwamba Rafi alimwimbia hata Kishore Kumar? Kishore mwenyewe alikuwa mwimbaji hodari, lakini katika filamu ya Raagini ya mwaka 1958 alionekana akifumbua mdomo huku sauti ikiwa ya Rafi.

Ugomvi nao ulikuwepo. Miaka ya 1960 mwanzoni, mwimbaji mwenzake Lata Mangeshkar alidai waimbaji wapewe sehemu ya mapato ya nyimbo kila zinapouzwa. Rafi akasema akishalipwa, basi, hana dai tena. Miaka kadhaa hawakuimba pamoja. Nampenda Rafi, lakini katika hili Lata ndiye aliyekuwa na haki: wimbo huishi muda mrefu kuliko malipo ya siku moja. Hata hivyo msimamo wa Rafi haukutoka kwenye woga, bali kwenye ukarimu. Inasimuliwa kwamba mtunzi Nisar Bazmi alipokosa fedha za kumlipa, Rafi alipokea rupia 1 tu.

Tuzo za Filmfare alipata 6. Padma Shri, mwaka 1967. Tuzo ya taifa, kwa wimbo wa filamu ya mwaka 1977.

Na huku kwetu je? Juma Bhalo wa Mombasa alijenga jina kwa kuvika mashairi ya Kiswahili miziki ya filamu za Kihindi. Wazee wengi wa pwani wanazijua tuni hizo hata kama hawaelewi neno moja la Kihindi.

Rafi alifariki tarehe 31 Julai 1980 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 55. Siku chache tu kabla alikuwa studioni akirekodi nyimbo za Aas Paas, filamu iliyotoka mwaka uliofuata. Mvua ilinyesha siku ya maziko, na maelfu ya watu wakamsindikiza wakiwa wamelowa chapachapa.

Je, wajua kaburi lake liko wapi? Makaburi ya Waislamu ya Juhu, Mumbai, ile ile Bombay ya zamani. Lakini usitafute jiwe lenye jina. Mwaka 2010 makaburi ya zamani yalibomolewa ili kupata nafasi ya maiti wapya, na la Rafi likawamo. Wapenzi wake wanaokwenda kumwombea dua hulitambua kwa mnazi ulio jirani nalo.