Ofisi Mpya Imo Ndani ya Ile Kuukuu

Mtu wa Sironga, katika kaunti ya Nyamira, akihitaji leseni, hati au muhuri, hupanda matatu au bodaboda hadi mjini Nyamira, na jambo likizidi huendelea hadi Kisii. Safari hiyo mara nyingi humfikisha katikati ya mji, katika jengo lililosimamishwa enzi ambapo kazi ya ofisi ilikuwa karatasi, taipureta na muhuri wa mpira. Sura yake inafahamika: korido ya giza katikati, vyumba vidogo pande zote mbili, soketi moja inayolisha vifaa sita kwa waya wa kuunganishwa, na rafu za faili zilizopangwa hadi zikaziba dirisha. Bajeti inapokaribia, wazo linalopendwa ni kulihama jengo kama hilo, kutafuta shamba nje ya mji na kujenga upya kwa vioo kuanzia chini hadi juu. Ninalipinga wazo hilo, hasa kwa nchi ya Kisii na Nyamira. Ofisi inayofaa kazi za leo imo ndani ya jengo lile lile kuukuu, na kuitoa humo ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa kuwa jengo ni chombo cha kazi. Hadi miaka michache iliyopita, ofisi ya serikali ilihitaji nafasi kubwa kwa sababu ya vitu viwili: kumbukumbu za karatasi na watu waliokuja kuzifuata. Vyote viwili vimepungua. Juni 2023 serikali ilitangaza kwamba zaidi ya huduma 5,000 zimeingizwa kwenye eCitizen, jukwaa lake la mtandaoni, na malipo yaliyokuwa yakifanywa dirishani kwa noti sasa hufanywa kwa simu. Hata hivyo, somo kubwa zaidi lilitolewa karibu miaka 10 kabla ya hapo. Novemba 2013 kituo cha kwanza cha Huduma kilifunguliwa Nairobi, katika jengo la Posta la Teleposta. Barua zilikuwa zimepungua, na kumbi pana za Posta, zilizoko katikati ya miji na zinazojulikana na kila mtu, zilikuwa zimebaki na kazi kidogo. Kaunta zilipangwa upya, idara ambazo zamani zilikuwa mitaa tofauti zikakaa bega kwa bega, mwananchi akapewa nambari ya foleni na kiti cha kungojea. Vituo vilivyofuata, ambavyo sasa vinapita 50 na vimefika kila kaunti, vingi viliwekwa katika kumbi za namna hiyo. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliutunuku mpango huo tuzo ya utumishi wa umma. Kwa maneno mengine, mageuzi ya utumishi ambayo Kenya imesifiwa zaidi katika kizazi hiki yalianzia ndani ya jengo la zamani.

Sasa tuingie ndani na kipimio. Chukua jengo la kawaida la ghorofa tatu lenye upana wa mita 12: chumba cha mita 5, korido ya mita 2, chumba kingine cha mita 5. Wasanifu majengo hukadiria kwamba mwanga wa mchana hupenya ndani kiasi cha mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha. Ukingo ukiwa mita 2.4 kutoka sakafuni, mwanga hufika mita 5 hadi 6. Kwa hiyo madirisha ya pande mbili yanatosha kuangaza upana wote wa jengo bila taa, ila kuta za korido zimeukata mwanga njiani. Katika jengo la nguzo na mihimili ya zege, kuta hizo hazibebi kitu, ni za kugawa vyumba tu, na mafundi wanaweza kuziondoa bila kuigusa mifupa ya jengo. Jengo la zamani zaidi, la mawe bila nguzo, ni habari nyingine: humo ukuta ndio unaobeba, na fundi anayeubomoa kwa makisio anacheza na roho za watu.

Kuna pia suala la uzito, ambalo husahaulika kwa sababu karatasi moja haina uzito wa kutajwa. Viwango vya uhandisi vya Uingereza, ambavyo vimetumika sana nchini, vinaikadiria sakafu ya ofisi ya kawaida kubeba takriban kilo 250 kwa kila mita ya mraba, na chumba cha kuhifadhi faili kilo 500. Ofisi iliyojengwa kuwa ofisi, kisha ikageuka ghala la faili taratibu, mwaka baada ya mwaka, inabebeshwa mzigo ambao haikupangiwa. Kuziingiza faili kwenye kompyuta na kuzihamishia karatasi ghorofa ya chini si suala la unadhifu peke yake. Kunaipunguzia sakafu mzigo, na kunamrudishia karani dirisha lake.

Wapo watakaosema kwamba kubomoa kuta za ndani ni kuiga mtindo wa kumbi wazi, ambazo wafanyakazi wengi huzilalamikia kwa kelele. Wana hoja. Mjane anayefuatilia mirathi hawezi kueleza mambo ya nyumba yake mbele ya foleni nzima, na mhasibu hawezi kufunga hesabu huku simu nne zinalia kando yake. Kwa hiyo ukumbi usiwe wazi wote: vibaki vyumba vichache vya faragha vyenye milango, visivyo mali ya bosi yeyote, na anayevihitaji avitumie kisha atoke. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka kila mfanyakazi apate angalau mita 10 za ujazo. Chumba cha mita 4 kwa 5, chenye kimo cha mita 3, kina mita 60 za ujazo, yaani watu 6 na si zaidi. Hesabu hii ifanywe kabla ya kununua meza. Vilevile Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamdai mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa. Chumba kilichokuwa cha faili, kikipakwa rangi, kikawekwa sinki, kiti, soketi na kitasa kinachofungwa kwa ndani, kinaitimiza sheria hiyo kwa gharama ndogo.

Vioo vya majengo mapya navyo vina kasoro yake hapa. Kisii na Nyamira ziko chini ya digrii moja kusini mwa Ikweta, kwenye vilima ambako mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka na hewa ni ya baridi ya wastani. Dirisha la kawaida linalofunguka, likiwa na kivuli cha paa lililochomoza, linatosha kulipoza jengo. Ukuta wa kioo unaotazama magharibi hupokea jua lote la alasiri, na kisha inabidi ununuliwe mtambo wa kupoza hewa katika nchi ambayo haikuuhitaji. Hata New York, ambako fedha si tatizo, jengo la Empire State lilipofanyiwa ukarabati mkubwa kuanzia mwaka 2009, madirisha yake 6,514 hayakutupwa. Vioo vilitolewa, vikatengenezwa upya katika karakana iliyowekwa ndani ya jengo hilo hilo, kisha vikarudishwa mahali pake, na ukarabati kwa jumla ulilenga kupunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 38.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama. Usiku wa 29 Aprili 2016 jumba la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, likaua watu wapatao 50. Siku ya Krismasi 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 mjini Zanzibar, iliporomoka likiwa katikati ya ukarabati, na watu wakafa. Mikasa hiyo isipuuzwe, ila tuisome vizuri. Jumba la Huruma halikuwa la kale. Umri mdogo haukulisalimisha. Beit al-Ajaib nalo lilikuwa limedhoofika kwa miaka mingi kabla ya mafundi kufika. Funzo ni kwamba ukarabati hauanzi na rangi wala vigae. Huanza na mhandisi kupima zege, kuangalia kama nondo zimeshika kutu, na kufuata kila alama ya maji kutoka darini hadi kwenye chanzo chake. Vipimo vikisema jengo halifai, libomolewe. Lakini liwe limehukumiwa na vipimo.

Ngazi ni kasoro ya kweli. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 kuyafanya yafikike, na bado yapo ambayo mtu wa kiti cha magurudumu huhudumiwa barazani. Lifti ni ghali. Hata hivyo kaunta zote zinazopokea wananchi zikishushwa ghorofa ya chini na njia ya mteremko ikajengwa mlangoni, sehemu kubwa ya dhuluma hiyo inaisha kabla lifti haijanunuliwa. Lakini mfanyakazi mwenye ulemavu ana haki ya kufika ghorofa ya tatu kama wenzake, na kwake hakuna kitu badala ya lifti. Gharama hiyo ni lazima iingie kwenye hesabu za ukarabati tangu mwanzo.

Na je, kujenga upya si nafuu? Serikali kuu ilipokubali kuzisaidia kaunti 5 zilizokosa makao makuu, zikiwemo Isiolo, Lamu na Tana River, kwa kulipa asilimia 70 ya gharama, kazi ilivuka muda wake kwa miaka mingi. Kaunti hizo zilikuwa na sababu ya kujenga. Penye majengo tayari, sababu hiyo haipo. Tena kuna ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 957 kwa kila kilomita ya mraba Kisii, na 675 Nyamira. Ekari inayomezwa na ofisi na maegesho yake pembezoni kama Sironga ni ekari ya migomba, chai na majani ya ng'ombe, na anayesafiri kwenda huko kutoka sehemu nyingine za Nyamira kama Borabu au Ekerenyo analazimika kulipa nauli ya pili, kwa kuwa benki, mahakama na soko vimebaki mjini.

Wengine wanauliza ofisi ya nini tena, ikiwa kuanzia Machi 2020 korona ilituonyesha kwamba watu wanaweza kufanya kazi nyumbani. Baadhi wanaweza, na ndiyo maana meza 40 zinaweza kuhudumia wafanyakazi 60 wanaopeana zamu. Lakini nyumba yenye watoto watatu, stima inayokatika na bando la kupimwa haiwezi kuwa ofisi kila siku. Kwa kijana wa Sironga aliyeajiriwa na kaunti, jengo la mjini lenye intaneti ya mkonga, paneli za sola juu ya paa na meza iliyo karibu na dirisha litabaki mahali anapoweza kumaliza kazi yake kabla giza halijaingia na matatu za kurudi nyumbani hazijapungua.