Kumkalisha kiziwi darasani si kumfunza

Kila mwalimu aliyewahi kufunza Nyeri, Karatina au Othaya anaijua mvua ya Aprili. Hunyesha juu ya mabati kwa kishindo hata sauti ya mwalimu ikazama. Hapo mwalimu hufanya nini? Huacha kusema. Huchukua chaki akaandika ubaoni, akaonyesha kwa kidole, akaigiza, nao wanafunzi wakamkazia macho usoni wapate kujua kama anauliza au anaagiza. Kwa nusu saa hiyo darasa zima ni viziwi, na somo huendelea. Mvua ikikatika, mwalimu hugeukia ubao, akawapa wanafunzi mgongo, akaanza tena kuuhutubia ukuta.

Naikumbuka mvua hiyo kila ninaposikia mjadala wa elimu jumuishi, yaani kuwafunza watoto wenye mahitaji maalumu pamoja na wenzao katika madarasa ya kawaida. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zisizomtenga na jamii, kwa kadiri inavyoafiki maslahi yake. Sina ugomvi na haki hiyo. Ugomvi wangu ni na wale wanaodhani kwamba imetimizwa pindi mtoto anapopewa dawati. Asiyeweza kutembea hujengewa njia ya kupitisha kiti cha magurudumu, na asiyeona hupewa Breli. Kiziwi mlango anauona na kuupita. Anachokikosa ndani ni lugha.

Niliyasadiki haya kwa kukosea. Mnamo 2003, masomo ya msingi yalipofanywa kuwa ya bure na madarasa yakafurika, nilikuwa mwalimu wa muda katika shule moja si mbali na Karatina, nikisubiri kwenda chuo kikuu. Katika darasa la saba palikuwa na msichana kiziwi tangu kuzaliwa. Alikuwa amesoma miaka kadhaa katika shule ya bweni ya viziwi kabla ya karo kuwashinda wazazi wake. Siku moja aliandika katika insha: "Jana mama soko kwenda. Viazi uza maliza. Pesa mimi kitabu nunua." Niliyachora maneno hayo yote kwa kalamu nyekundu, nikampa alama nne kwa arubaini.

Leo, kama mwanaisimu, nikiitazama insha ile naona sarufi. Wakati umetangulizwa, kama ilivyo desturi katika Lugha ya Ishara ya Kenya. Neno "maliza" linaonyesha kuwa tendo limekamilika, kazi ambayo katika Kiswahili hufanywa na kiambishi -me-. Tangu mwaka 1960, William Stokoe alipochapisha uchunguzi wake kuhusu ishara za viziwi wa Marekani, wanaisimu wamezidi kukubali kwamba lugha za ishara ni lugha kamili, zenye muundo wa maneno na wa sentensi. Ishara si Kiingereza kilichotiwa mikononi, wala si Kiswahili kilichokatwakatwa. Msichana yule alikuwa akiandika lugha ya pili kwa sarufi ya ile ya kwanza. Mwanafunzi wa Othaya akiandika "kura chakura", tunatabasamu na kusema ni athari za lugha ya mama, maana Gikuyu haina sauti ya l. Mbona kiziwi tukamwita mzito wa akili?

Na huyo angalau alikuwa na lugha. Idadi kubwa ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua ishara ila zile chache za kuitana kula na kulala. Wengi huingia shuleni bila lugha yoyote iliyokomaa. Kumtia mtoto wa namna hiyo miongoni mwa wanafunzi sitini wanaosema ni kumwongezea upweke.

Kuna wanaodai kwamba atasoma midomo. Basi, msomaji, simama mbele ya kioo useme bila sauti: baba, papa, mama. Utaona maneno hayo matatu yana sura moja mdomoni. Licha ya hayo, mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 uliamua kwamba usemi uchukue nafasi ya ishara, na kivuli cha uamuzi huo kilitufikia hata sisi.

Mwalimu mwenye kiziwi darasani na asifanye ajizi anaweza kuanza kesho. Aandike kwanza, ageuke, ndipo aseme. Asisimame na dirisha nyuma yake, kwa kuwa uso wake huwa giza. Wanafunzi wainue mikono na kusema mmoja mmoja, ili kiziwi ajue amtazame nani. Wenzake wafunzwe ishara kumi kila wiki. Watoto huzishika upesi kuliko sisi. Na mwalimu mwenyewe ajifunze, kwani kuna Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya tangu 1986, na viziwi watu wazima wa kumfunza wapo.

Kuna jambo jingine linalonikera kama mwalimu wa lugha. Katika mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtahiniwa kiziwi aliweza kufanya Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili, na mtaala mpya umeendeleza utaratibu huo. Ni jambo jema. Lakini katika shule ya kawaida isiyo na mwalimu wa ishara, kipindi cha Kiswahili kikifika mtoto huyo hufanya nini? Hutazama nje.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaotaka shule maalumu zifungwe kwa jina la ujumuishaji. Shule za viziwi za Tumutumu, Kerugoya na Kaaga kule Meru ndiko lugha hii inakoishi, ikipokezanwa na wakubwa kwa wadogo bwenini. Hata Azimio la Salamanca la 1994, ambalo watetezi wa elimu jumuishi hulinukuu sana, lilikiri kwamba huenda viziwi wakafaidika zaidi katika shule au madarasa yao maalumu, kutokana na mahitaji yao ya mawasiliano. Mbona walimu wa shule jirani wasitumwe huko wakajifunze, na wanafunzi wakubwa viziwi wakaalikwa kufunza ishara katika shule hizo?

Msichana yule aliacha shule kabla ya mwaka kwisha. Daftari lake lingerudi mezani pangu leo, ningeiweka chini kalamu, nikamwomba kwanza anisimulie kwa mikono jinsi mama alivyouza viazi, kisha tukaiandika pamoja, sentensi baada ya sentensi.