Kuchagua Chaja Mpya ya Betri za Boti ya Dagaa

Katika mialo ya Ziwa Viktoria, karabai za mafuta ya taa zimezipisha, kwenye boti nyingi, taa za umeme zitumiazo betri. Wavuvi wa dagaa hurejea alfajiri, betri huteremshwa zikachajiwe, na jioni hurudishwa botini. Chaja ikiungua, mwenye boti huingia dukani akiuliza jambo moja: ni ya ampea ngapi? Swali hilo ni la haki, lakini linatanguliwa na jingine: chaja hiyo hufanya nini betri ikishajaa?

Betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ina siri ndogo. Ile ya volti 12 huwa na seli sita zilizounganishwa kwa mfuatano, kila moja ikiwa na volti 2.1 hivi inapojaa. Betri inapotumika, mabamba yake hufanya salfeti ya risasi na asidi hupungua nguvu. Inapochajiwa, salfeti hiyo huondolewa. Salfeti ikikaribia kwisha, umeme unaoendelea kusukumwa hukosa kazi nyingine ila kuyagawa maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Mafundi husema betri “inachemka”, ingawa vile ni viputo vya gesi, si maji ya moto. Jambo hilo hushika kasi volti zifikapo 14.4 hivi.

Chaja ya kizamani, yenye transfoma na dayodi tu, haina habari na hayo. Anayeichomoa kila jioni huenda asione hasara. Hasara huja siku za mbalamwezi, ambapo taa hazivuti dagaa vizuri na boti hupumzika. Betri ikiachwa kwenye chaja hiyo kwa juma zima, maji hupungua, mabamba hubaki wazi, na mali ya gharama kubwa huharibika bila kutoka nchi kavu. Ikiachwa nusu tupu bila kuchajiwa, nayo salfeti huwa fuwele ngumu zisizoondoka kwa urahisi.

Kwa hiyo inafaa chaja ya hatua tatu. Kwanza hutoa mkondo mkubwa; kisha huzizuia volti karibu na 14.4, mkondo ukipungua wenyewe. Mwisho huzishusha hadi 13.5 hivi, kiasi cha kufidia umeme unaopotea ndani ya betri.

Sasa ampea. Tuseme taa zina jumla ya wati 60, kwa volti 12, nazo huwaka saa 8. Mkondo ni ampea 5, na betri hutoa ampea-saa 40. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea, hurudishwa zaidi ya zilizotolewa, tuseme 46. Chaja ya ampea 10 ingehitaji saa 4.6 kwa hesabu ya daftarini. Kwa kweli huchukua zaidi, maana mkondo hushuka betri inapokaribia kujaa. Kwa betri ya ampea-saa 100, ampea 10 hadi 20 zinatosha. Kuzidisha ili kuwahi machweo ni kuipasha betri joto bure.

Aina ya betri nayo itazamwe. Betri yenye asidi iliyogandishwa kama jeli hutaka volti chini kidogo, kwani viputo huacha mashimo yasiyozibika. Ya lithiamu hutaka chaja yake. Katika kibanda cha mabati chenye joto la nyuzi 35, volti za betri ya risasi zinapaswa kupunguzwa kwa 0.2 au 0.3, na chaja zenye kipima-joto hufanya hivyo zenyewe. Kibandiko cha nyuma kisomwe pia: chaja ya mitumba kutoka Marekani, iliyotengenezewa volti 120 pekee, huungua ikichomekwa kwenye soketi ya Tanzania ya volti 230.

Hidrojeni ikifikia sehemu 4 katika 100 za hewa huweza kulipuka kwa cheche moja. Hivyo kibanda kiwe na madirisha wazi, vibanio vifungwe kwenye betri kabla ya kuwasha chaja, na chaja izimwe kabla ya kuvibandua. Baada ya siku nzima ya kuchaji, voltimita iwekwe kwenye betri, chaja ikiwa bado inafanya kazi. Ikiwa betri ya risasi imekwisha kujaa na kipimo bado kinasoma 14.4, chaja hiyo irudishwe dukani.