Somo la Sayansi: Tupime Nguvu za Sumaku ya Umeme

Wekeni tayari daftari na kalamu, maana leo tutafanya kazi kwa mikono.

Mwaka 1890 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kutoka Unguja hadi Bagamoyo, ukaendelea mpaka Dar es Salaam. Habari iliyokuwa ikingoja jahazi na upepo sasa iliweza kuvuka bahari kwa muda mfupi. Katika mashine za simu za nchi kavu za siku zile mlikuwa na kipande cha chuma kilichozungushiwa waya. Umeme ulipopita katika waya, chuma kiligeuka sumaku, kikavuta ulimi mdogo wa chuma, ukagonga. Umeme ulipokatika, ulimi ulirudi mahali pake. Kitu hicho ndicho sumaku ya umeme.

Je, ni nini kinachoiongezea nguvu? Usikubali jibu kwa sababu tu limetoka redioni. Jaribu mwenyewe.

Vifaa. Tafuta msumari wa chuma wa inchi nne, waya mwembamba wa shaba uliovikwa plastiki wenye urefu wa mita 2, betri moja ya tochi ya volti 1.5, na pini nyingi za chuma. Pini za shaba hazifai, kwa kuwa sumaku haizivuti. Usitumie kamwe umeme wa ukutani, huo huua.

Sisi wa mwambao, kuanzia Kunduchi hadi Bagamoyo na Saadani, tuna adui wetu: hewa ya chumvi. Kutu na uchafu huzuia umeme. Basi menya ncha mbili za waya na uzisugue kwa msasa mpaka zing'ae.

Jaribio. Zungusha waya kwenye msumari mara 20, kwa kuelekea upande mmoja siku zote. Ukigeuza upande katikati, mizunguko ya nyuma itapunguza kazi ya ile ya mbele. Waya uliobaki usiukate. Uache unyooke mezani. Gusisha ncha za waya kwenye betri, chovya msumari katika pini, uinue, hesabu pini zilizoning'inia, kisha achia betri mara moja. Usipitishe muda wa kuhesabu hadi tano, kwa kuwa waya hupata moto na betri huchoka upesi.

Rudia mara tatu. Tuseme umepata pini 6, 8 na 7. Jumla ni 21; gawanya kwa 3, wastani ni 7. Andika. Kisha fanya vivyo hivyo kwa mizunguko 40, halafu 60. Utaona pini zinaongezeka.

Kwa nini tulikataza kukata waya? Waya mrefu huuzuia umeme zaidi kuliko waya mfupi. Ukitumia waya mfupi kwa mizunguko 20 na mrefu kwa mizunguko 60, umebadili mambo mawili kwa pamoja, wala hutajua ni lipi lililoleta matokeo. Kanuni ni hii: badili jambo moja tu, mengine yote yabaki vilevile.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hulisahau. Baada ya kumaliza mizunguko 60, fungua waya, urudi kwenye mizunguko 20, uhesabu tena. Kama mwanzo ulipata 7 na sasa umepata 4, betri imechoka. Basi jedwali lako linakudanganya, ijapokuwa kila hesabu uliyoandika ni ya kweli. Mizunguko 60 ilipimwa kwa betri dhaifu, na ile 20 kwa betri yenye nguvu. Weka betri mpya, uanze upya. Mwalimu asiyefanya hivi aweza kufundisha kosa kwa miaka mingi, akiwa na ushahidi mkononi.

Tazama pia kama msumari usio na umeme bado unashika pini. Misumari mingine hubakiza usumaku kidogo; pini hizo zisihesabiwe kuwa kazi ya umeme.

Waliotutangulia walipita njia hii hii. Mwaka 1825 Mwingereza William Sturgeon alizungusha waya mtupu kwenye chuma kilichopakwa vanishi, chenye uzito wa gramu 200 hivi, kikainua kilo 4. Joseph Henry wa Marekani aliuvika waya wenyewe, akaweza kuzungusha mara nyingi sana bila umeme kuruka njia. Mwaka 1831 sumaku yake iliinua zaidi ya kilo 900.

Maswali ya kujibu nyumbani:

1. Badala ya msumari, tumia kijiti cha mwembe chenye unene uleule. Pini ngapi zinainuka? Kwa nini?

2. Ukitaka kujua kazi ya betri mbili zilizofuatana, ni mambo gani utayaacha bila kuyabadili?

3. Jirani yako amepata hesabu tofauti na yako. Kabla ya kubishana, mtakagua nini?

Yajibuni pamoja katika vikundi vyenu.